Jicho Kwanza, Tabasamu Baadaye: Upasuaji wa Uso Uliopooza

Wengi huligundua tatizo kwa chai. Mtu anakunywa asubuhi, chai inamvuja pembeni mwa mdomo na kumdondokea kifuani. Anasukutua, maji yanatoka yenyewe. Akinawa uso, sabuni inamwingia jicho moja kwa sababu jicho hilo halikufumba, ingawa mwenyewe anaamini amelifumba. Akijitazama kwenye kioo anakuta nusu ya uso wake imelala: paji halikunjiki, unyusi umeshuka, shavu limelegea na mdomo umevutwa upande wa pili.

Nyumbani kila mmoja ana jina lake la jambo hilo. Yupo atakayesema ni kiharusi, yupo atakayesema ni upepo, na pwani hakosekani wa kusema mtu huyo amepigwa kofi na jini. Waarabu waliliita laqwa. Tabibu Al-Razi, aliyefariki mwaka 925, alilieleza kwa umakini mkubwa katika kitabu chake Al-Hawi, akalitenganisha na kupooza kunakotoka kwenye ubongo. Karne tisa baadaye, mwaka 1821, daktari wa upasuaji wa Uskoti, Charles Bell, aliwaeleza wanasayansi wa Royal Society ya London mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso. Ndiyo sababu ile aina ya kupooza uso ambayo chanzo chake hakijulikani inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Swali linalowapeleka wengi kwa daktari wa upasuaji, baada ya miezi au miaka ya kujificha nyuma ya mtandio au barakoa, ni moja: je, uso huu utanyooka? Unaweza kurekebishwa, na mara nyingine vizuri sana. Lakini anayekimbilia kunyoosha mdomo kabla ya kulitazama jicho ameanzia mwisho. Mdomo uliopinda humtesa mtu mbele za watu, ila jicho lisilofumba linaweza kumpofusha. Na neno tulilolizoea, kwamba jicho "limelegea", linazidisha makosa, maana limebeba ndani yake maradhi mawili yanayokwenda kinyume.

Kope ya juu ina mabwana wawili. Msuli mmoja kazi yake ni kuiinua, nao hupokea amri kutoka mshipa wa fahamu wa tatu wa kichwa. Msuli wa pili umelizunguka jicho kama pete, kazi yake ni kulifumba, nao hupokea amri kutoka mshipa wa saba, ule ule unaoendesha paji, mashavu na midomo. Mshipa wa tatu ukiumia, kope huanguka na jicho hushindwa kufunguka. Mshipa wa saba ukiumia, mambo hugeuka: anayeinua yupo kazini, anayefumba hayupo, na jicho hubaki wazi usiku na mchana. Kwa hiyo mtu aliyepooza uso, kwa kawaida, hana kope ya juu iliyoanguka. Akipimwa vizuri, mara nyingi kope hiyo huonekana imepanda kidogo kuliko ya upande mzima.

Basi kinacholegea ni nini? Ni unyusi, ambao umepoteza msuli wa paji uliokuwa ukiushikilia, ukateremka na kuisukuma ngozi yake juu ya jicho. Ni kope ya chini, ambayo bila ile pete ya msuli huning'inia na kugeuka nje mpaka wekundu wake wa ndani unaonekana, na machozi yanatiririka shavuni badala ya kuingia kwenye kitundu chake karibu na pua. Kuna pia hali inayokuja baadaye, kwa wale ambao mshipa wao umepona kombo: jicho husinyaa na kuwa dogo kila mtu anapocheka au kutafuna. Hayo ni mambo matatu yenye matibabu matatu, na mtazamaji huyaita yote kwa neno moja.

Kosa linalotokana na neno hilo si dogo. Mtu mwenye uso uliopooza anamwendea mtaalamu wa urembo, anaonyesha ngozi iliyoning'inia juu ya jicho, na ngozi ile inakatwa kama inavyokatwa kwa mtu mzee mwenye misuli mizima. Ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa ikisaidia kulifunika jicho lisiloweza kujifumba. Anatoka akiwa na sura nzuri zaidi kwa wiki chache na jicho linalozidi kukauka. Hata unyusi ukipandishwa juu kupita kiasi, matokeo ni yale yale. Daktari mwenye uzoefu huinua unyusi kwa kipimo kidogo, tena baada ya kuhakikisha kwamba jicho limepata namna ya kufumba.

Kope iliyoanguka kweli ni habari nyingine, na inafaa isemwe kwa ufupi ili isichanganywe. Hiyo hurekebishwa kwa kuufupisha msuli unaoinua, au kwa kuifunga kope kwenye msuli wa paji, kwa uzi maalumu au kwa utando uliochukuliwa pajani, ili mtu awe anafungua jicho kwa kukunja paji. Njia hii ya pili humfaa sana mtoto aliyezaliwa na kope iliyofunika mboni, ambaye akichelewa jicho lake halijifunzi kuona. Lakini msuli wa paji unaendeshwa na mshipa wa saba, kwa hiyo katika uso uliopooza njia hiyo haina pa kushika. Na kope inayoanguka kadiri siku inavyokwenda, kisha ikainuka mtu akipumzika, hutaka vipimo na dawa kwanza, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaodhoofisha misuli ya mwili mzima.

Kabla ya kisu kuna saa 72. Katika kila watu 100,000, kati ya 20 na 30 hupata kupooza uso kwa aina ya Bell kila mwaka. Daktari Erik Peitersen wa Copenhagen aliwafuatilia wagonjwa 1,701 wa aina hiyo kwa miaka 25 bila kuwapa dawa. Asilimia 71 walirudiwa na uso wao kamili, na asilimia 4 walibaki na ulemavu mkubwa. Mwaka 2007 watafiti wa Uskoti walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 551 waliofika ndani ya saa 72. Baada ya miezi tisa, waliopewa vidonge vya prednisoloni kwa siku 10 walikuwa wamepona kabisa kwa asilimia 94.4, na wale wasiopewa kwa asilimia 81.6. Dawa ya virusi iliyojaribiwa sambamba haikuongeza faida. Prednisoloni ni dawa ya bei nafuu na inapatikana hata katika hospitali za wilaya, ila inataka daktari, hasa kwa mwenye kisukari au kifua kikuu.

Siku tatu hizo ndizo zinazopotea kwa kusubiri upepo upite.

Wanaosema kiharusi wana haki ya kuogopa, na kuna kipimo kimoja ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Paji la uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kiharusi kikipiga upande mmoja, mdomo hupinda lakini paji kwa kawaida huendelea kukunjika. Mshipa wa uso wenyewe ukiharibika, paji nalo hulala. Hata hivyo kipimo hicho hakimpi mtu ruhusa ya kubaki nyumbani. Uso uliopinda ghafla ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na ikiwa mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, ni safari ya dakika hiyo hiyo.

Tena si kila uso uliopooza ni wa aina ya Bell, na katika Afrika Mashariki orodha ya vyanzo ni ndefu. Kuna mkanda wa jeshi unaotoa malengelenge sikioni na kuuchoma mshipa. Kuna sikio la mtoto lililotoa usaha kwa miaka mpaka ugonjwa ukala mfupa ambamo mshipa unapita. Virusi vya Ukimwi vinaweza kujitangaza kwa kupooza uso mapema kabisa, kabla mtu hajaona dalili nyingine, na kwa hiyo kipimo chake hakipaswi kurukwa. Ajali za bodaboda huvunja mfupa wa nyuma ya sikio. Panga au kigae cha chupa kinaweza kuukata mshipa shavuni. Na uvimbe wa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio huupoozesha uso polepole, wiki kwa wiki. Uso unaolegea kidogo kidogo badala ya kuanguka kwa usiku mmoja, au ambao baada ya miezi minne haujaonyesha dalili yoyote ya kurudi, unahitaji kuchunguzwa upya hata kama karatasi ya kwanza iliandikwa kwamba ni aina ya Bell.

Kuna pia ukoma, ambao wengi wanadhani umekwisha. Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Msumbiji bado zimo katika kundi la nchi zinazoripoti wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na tawi la mshipa wa saba linalokwenda kwenye kope hupita juu juu, karibu na ngozi ya mfupa wa shavu. Ukoma ukiliharibu tawi hilo, jicho halifumbi. Ukiharibu na mshipa wa tano, unaoleta hisia, jicho halihisi. Hapo mchanga unaingia, inzi anatua, na mtu hana habari. Wagonjwa wengi wa ukoma waliopofuka walipofushwa hivyo, polepole na bila maumivu. Kope iliyoshindwa kufumba kwa muda usiozidi miezi sita inaweza kurudi kwa matibabu ya prednisoloni yanayofuatiliwa. Ikipita hapo, kazi huwa ya upasuaji.

Kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, hakina mishipa ya damu. Uhai wake unategemea machozi, na machozi yanatandazwa na kope kila tunapopepesa. Kope ikisimama, kioo hukauka, hupata mikwaruzo, kisha kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe ambalo mwanga haupiti. Kwa watu wengi kuna kinga moja ya maumbile: wakijaribu kufumba, jicho hujigeuza juu na kukificha kioo chini ya kope. Bell mwenyewe aliliona jambo hilo. Mtu asiye nalo, au ambaye jicho lake pia halina hisia, yuko hatarini zaidi, na kwake kusubiri hata wiki moja ni kucheza na uoni.

Tiba ya kwanza ni rahisi: matone ya machozi bandia mchana mara nyingi, dawa ya mafuta usiku, na kope ya juu kufungwa kwa plasta ya hospitali wakati wa kulala. Hata hili lina namna yake. Kipande cha pamba kilichobandikwa juu ya jicho lililo wazi hulikwaruza badala ya kulilinda. Muuguzi anapaswa kumwonyesha mgonjwa na nduguye jinsi ya kuishusha kope kwanza, kisha kubandika.

Upasuaji mkongwe zaidi ni wa kuzishona kope pamoja pembeni, ili uwazi wa jicho upungue. Unataka dawa ya ganzi, sindano, uzi na mikono iliyofundishwa, basi. Unaweza kufanyika mbali na miji mikubwa, na umeokoa macho mengi. Lakini wagonjwa hawaupendi, na wana sababu: jicho huonekana dogo, uoni wa pembeni hupungua, na mtu ambaye uso wake umeshapinda anaongezewa alama nyingine. Unafaa kama ngao ya haraka. Kuufanya kuwa jibu la kudumu kwa kijana wa miaka 25, wakati njia bora zipo, ni kumpunja.

Mojawapo ya njia hizo bora ni dhahabu. Tangu mwisho wa miaka ya 1950, madaktari wamekuwa wakiweka kibamba kidogo cha dhahabu safi ndani ya kope ya juu. Hesabu yake ni nyepesi: msuli unaoinua bado una nguvu, unafungua jicho kama kawaida, mtu akiulegeza, uzito wa dhahabu unaishusha kope na jicho linafumba. Kabla ya siku ya upasuaji, daktari hubandika vibamba vya uzito tofauti kwa nje ya kope, mgonjwa akiwa ameketi, mpaka apate ule unaofumba bila kuifanya kope ionekane nzito. Mara nyingi jibu huwa karibu na gramu moja. Upasuaji hufanywa kwa ganzi, mkato hufichwa kwenye mkunjo wa asili wa kope, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Siku hizi wengi wanapendelea platini. Ina uzito mkubwa zaidi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo kibamba kinakuwa chembamba na hakitokezi, na ni nadra kwa mwili kuikataa. Hakuna kati ya metali hizi mbili inayovutwa na sumaku, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuingia kwenye mashine ya MRI bila kope yake kudhurika. Kasoro zipo: kibamba kinaweza kusogea au kutoboa ngozi baada ya miaka, na mtu akilala chali uzito hauvuti kope kuelekea chini tena, kwa hiyo dawa ya usiku haiachwi. Ubora mkubwa wa njia hii ni kwamba inarudi nyuma. Mshipa ukipona, kibamba kinatolewa, na kope inabaki kama ilivyokuwa. Hakuna haja ya kumwacha mtu akauke jicho kwa mwaka mzima eti tunangoja kuona kama mshipa utapona.

Kope ya chini hukazwa kwa kuifupisha na kuifunga upya kwenye utando wa mfupa wa pembeni mwa jicho, njia ambayo wapasuaji wa Marekani waliieleza mwaka 1979 na ambayo bado ndiyo inayotumika zaidi. Ikiwa imelegea mno, huongezewa kipande cha gegedu au kamba ya utando kama boriti ya kuishikilia. Jicho likishatulia hivyo, ndipo mazungumzo ya mdomo na shavu yanapoanza.

Na hapo saa nyingine inahesabu. Msuli uliokatiwa amri haufi siku ile ile, ila hunyauka mwezi hadi mwezi. Kwa kadirio ambalo wapasuaji wengi wanalitumia, baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu nafasi ya kuuamsha inakuwa finyu, na baada ya miaka miwili karibu haipo. Swali la kwanza la daktari, "tangu lini?", ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Mshipa uliokatwa kwa panga ushonwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72, kwa sababu hadi hapo ncha iliyokatwa bado huitikia umeme na daktari huweza kuitafuta. Ukiwa umekatwa mbele zaidi, kuelekea puani kupita mstari unaoshuka kutoka kona ya nje ya jicho, matawi huwa madogo yenye kusaidiana na mara nyingi hurudi yenyewe. Hii ni habari ambayo kila daktari wa zamu katika chumba cha majeruhi angefaa kuijua usiku wa Jumamosi.

Pale ambapo mshipa wenyewe hauna mzizi wa kuungwa, kama baada ya kuondolewa uvimbe, uso hutafutiwa mshipa wa kuazima. Charles Ballance alilifanya hili London mwaka 1895, akaunga mshipa wa uso na ule unaoendesha bega. Uso ulicheza, lakini uliambatana na bega. Waliomfuata walichukua mshipa wa ulimi, na siku hizi wengi huchukua tawi la mshipa wa kutafuna. Mgonjwa huuma meno na mdomo hunyanyuka. Baada ya miezi ya mazoezi mbele ya kioo, wengine huweza kutabasamu bila kuuma. Njia ya kuvutia zaidi kimawazo ilianza miaka ya 1970: mshipa mwembamba wa hisia hutolewa kwenye kigimbi cha mguu, huungwa na tawi la upande mzima wa uso, kisha hupitishwa chini ya ngozi ya mdomo wa juu hadi upande uliopooza. Nyuzi za fahamu hukua ndani yake kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku. Ukifanikiwa, upande mzima ukicheka, ule mwingine hucheka pamoja nao, kwa furaha ile ile.

Na kwa aliyepooza miaka kumi? Msuli wake wa uso haupo tena, kwa hiyo unaletwa mwingine. Mwaka 1976 Kiyonori Harii na wenzake wa Tokyo walichapisha habari za kuhamisha kipande cha msuli wa ndani ya paja hadi usoni, pamoja na ateri, vena na mshipa wake wa fahamu, vyote vikiungwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Tangu hapo upasuaji huo umekuwa kipimo cha fani nzima. Katika hospitali ya watoto ya Toronto, Ronald Zuker aliufanya kwa watoto waliozaliwa bila uwezo wa kutabasamu kabisa. Ni kazi ya saa nyingi, na ikifanywa kwa awamu mbili, mshipa kwanza na msuli baadaye, mgonjwa husubiri karibu miaka miwili kabla ya kuona faida yote. Mzee mwenye moyo dhaifu hahitaji safari hiyo. Kamba ya utando wa paja iliyofungwa kutoka pembe ya mdomo hadi mfupa wa shavu humpa uso uliolingana akiwa ametulia, na mate hayamtoki tena mezani.

Katikati ya ncha hizo mbili kuna msuli wa kutafuna ulio kwenye panja, nao una historia inayofika mpaka Afrika Mashariki. Harold Gillies, aliyejenga upya nyuso za askari wa Vita Kuu ya Kwanza huko Sidcup, aliandika mwaka 1934 jinsi ya kuugeuza msuli huo na kuufunga kwenye uso uliopooza. Mfuasi na ndugu yake wa ukoo, Archibald McIndoe, alimfundisha Michael Wood, na mwaka 1957 hao wawili pamoja na Mmarekani Tom Rees walianzisha shirika lililokuja kuwa AMREF. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha viungo. Watu wa Afrika Mashariki wanaikumbuka AMREF kwa ndege zake na chanjo zake, na ni haki kukumbuka kwamba ilizaliwa na watu ambao kazi yao ilikuwa nyuso na mikono.

Msuli huo wa panja ukawa pia mkombozi wa macho ya wagonjwa wa ukoma. Ukanda wake hupitishwa ndani ya kope zote mbili, na mtu akiuma meno jicho hufumba. Kila anapokula, jicho lake linapepesa. Daniel Labbé wa Caen, Ufaransa, naye aliurudia msuli huo huo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa namna yake, akiushusha mzima hadi pembe ya mdomo kwa upasuaji mmoja. Kwa mazingira ambamo hadubini na timu ya watu kumi havipatikani kila siku, njia za msuli wa panja zinastahili kufundishwa zaidi kuliko zinavyofundishwa sasa.

Kuna kundi moja linalosahauliwa: waliopona, lakini vibaya. Nyuzi za fahamu zilipokua upya zilipotea njia, zile za mdomo zikafika kwenye jicho na za jicho zikafika mdomoni. Mtu akitabasamu jicho linajifumba. Akipepesa, pembe ya mdomo inaruka. Wengine hutokwa na machozi wanapokula. Kwa mtazamaji, jicho hilo dogo linaonekana limelegea, na hapo ndipo mtu anapopelekwa kuinuliwa kope isiyo na kosa. Tatizo lake ni nguvu iliyozidi, wala si udhaifu. Tiba yake ni mazoezi ya polepole mbele ya kioo, pamoja na sindano ndogo za sumu ya botulini kwenye msuli unaojikaza, ambazo hufanya kazi kwa miezi mitatu au minne kisha hurudiwa. Sindano hizo pia huweza kutuliza upande mzima unaovuta kupita kiasi, na mara nyingi uso hulingana kwa njia hii zaidi kuliko kwa kisu. Zile mashine za kusisimua misuli kwa umeme zinazotangazwa kila mahali hazijathibitishwa kuleta uponyaji huo.

Wapo watakaouliza kama yote haya hayatoshi kuitwa anasa, mtu akiwa hana maumivu na anaweza kufanya kazi. Jibu moja lilitolewa na wapiga kura wa Kanada mwaka 1993. Mwanasiasa Jean Chrétien alipooza upande mmoja wa uso tangu ujana wake. Katika kampeni za mwaka huo, chama kilichokuwa madarakani kilirusha tangazo la televisheni lililoonyesha picha za uso wake uliopinda. Hasira ya wananchi ililifanya tangazo hilo liondolewe haraka, chama hicho kikabaki na viti viwili bungeni, na Chrétien akawa waziri mkuu kwa miaka kumi. Zilikuwepo sababu nyingine nyingi za kushindwa kule, lakini tangazo lile lilionyesha kitu ambacho kila mwenye uso uliopooza anakijua: watu husoma tabia kwenye uso kabla ya kusikia neno. Chrétien alikuwa na jukwaa la kujibia. Mwalimu mbele ya darasa, muuza duka, binti anayetafuta kazi ya mapokezi, hao hawana. Tabasamu lao likigeuka kuwa dharau machoni pa mteja, hawapati nafasi ya kueleza.

Wapasuaji waliobobea katika kope na uso ni wachache Afrika Mashariki, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Lakini idara za macho zipo: KCMC mjini Moshi, CCBRT Dar es Salaam, Kikuyu nchini Kenya, na nyingine katika hospitali za mikoa. Kinachokosekana mara nyingi ni rufaa. Mgonjwa hupelekwa kwa mazoezi ya viungo kwa miezi minane, hupimwa shinikizo la damu kila wiki, na hakuna anayempeleka kwa daktari wa macho mpaka kioo kimeshapata kovu. Karatasi ya rufaa ya jicho ingepaswa kuandikwa siku ile ile inayoandikwa prednisoloni.

Kwa hiyo msomaji ambaye ndugu yake ameamka na uso uliopinda amkimbize hospitali kwanza, kisha jioni amwambie afumbe macho polepole, kama anayelala, na achungulie kwa tochi. Akiona weupe wa jicho au kioo chake kati ya kope mbili, asingoje mdomo unyooke. Amtafutie machozi bandia na dawa ya mafuta usiku huo, na kesho yake ampeleke kliniki ya macho.